Ushuru wa Mpakani Hulipwa na Asiyeweza Kungoja

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi vya Ushirika, Mtendeli



Mkulima wa Mtendeli anapofikisha gunia lake la maharage kwenye mizani, hutaka kujua mambo mawili: uzito ni kiasi gani, na bei ya leo ni ngapi. Uzito huuona kwa macho yake. Bei huambiwa na mnunuzi, na mara nyingi mkulima hudhani kwamba mnunuzi ameitunga bei hiyo njiani, ndani ya lori lake. Pengine ni kweli, maana walanguzi hawajaisha duniani. Lakini ziko siku ambazo bei ile imekwisha kukatwa mbali sana na Mtendeli, katika mkutano wa mawaziri wa nchi za nje, au katika barua fupi ya mamlaka ya nchi nyingine kwenda kwa wakuu wake wa forodha. Mazungumzo haya yanahusu siku hizo, na yanahusu jambo ambalo chama cha msingi kinaweza kulifanya kabla hazijafika.

Ushuru na ndugu zake

Ushuru wa forodha ni fedha inayotozwa na Serikali wakati bidhaa inapoingia katika nchi yake. Makusudi yake ni mawili: kuipatia Serikali mapato, na kuwakinga wakulima na wenye viwanda wa nchi ile wasishindwe na bidhaa za bei nafuu kutoka nje. Mkulima wa Tanzania naye amekingwa kwa njia hiyo hiyo. Katika utaratibu wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya yamewekewa ushuru wa asilimia 50, na mchele asilimia 75. Kwa hiyo si haki kusema kwamba ushuru ni uovu wa wageni peke yao. Kila nchi huutumia pale inapoona wakulima wake wataumia.

Ushuru una ndugu zake watatu. Wa kwanza ni mgawo, yaani nchi kutangaza kwamba mwaka huu itapokea tani kadhaa tu na si zaidi. Wa pili ni marufuku, yaani kukataa kabisa. Wa tatu ni masharti ya ubora, yaani kudai vyeti na vipimo ambavyo asiye navyo harusiwi kupita. Wataalamu huvitenganisha vyote hivi katika vitabu vyao. Kwa mkulima, vyote vinne huishia mahali pamoja: kwenye bei ya kilo moja.

Nani hasa hulipa?

Yafaa jambo hili lifanyiwe hesabu ya mfano, nayo ni hesabu ambayo katibu yeyote anaweza kuwaeleza wanachama wake ubaoni.

Tuseme maharage yanauzwa shilingi 1,800 kwa kilo katika mji wa nchi ya jirani. Nauli, upakiaji na faida ya mchuuzi ni shilingi 500. Mkulima hupata shilingi 1,300. Sasa Serikali ya nchi ile inaweka ushuru wa shilingi 300 kwa kilo. Mnunuzi wa mjini hakubali kulipa shilingi 2,100, kwa sababu maharage ya kwao yapo sokoni kwa shilingi 1,800. Mwenye lori hapunguzi nauli, kwa sababu bei ya mafuta haikupungua. Mchuuzi hapunguzi faida yake, kwa sababu anaweza kuacha maharage akachukua biashara nyingine. Aliyebaki ni mkulima, ambaye maharage yamejaa nyumbani, ada ya shule inadaiwa, na fukusi wameanza kutoboa. Huyo hupokea shilingi 1,000, na zile 300 amezilipa yeye, ingawa hakufika mpakani na wala hajapata kumwona afisa wa forodha.

Hesabu haiishi hapo. Ikiwa kulima, kupalilia na kuvuna kilo moja kulimgharimu shilingi 900, faida yake kabla ya ushuru ilikuwa shilingi 400. Baada ya ushuru ni shilingi 100. Bei imeshuka kwa chini ya robo, lakini faida imepungua kwa robo tatu. Ndiyo maana habari ya ushuru, ambayo katika redio husikika kama jambo dogo la asilimia chache, nyumbani kwa mkulima huonekana kama msiba.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ushuru hulipwa na yule ambaye hawezi kungoja. Ikiwa muuzaji hawezi kungoja, hulipa muuzaji. Ikiwa mnunuzi ndiye asiyeweza kungoja, hulipa mnunuzi. Mifano ya kweli iko ya pande zote mbili.

Mbaazi za mwaka 2017

Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara walizoea kulima mbaazi kwa ajili ya soko moja, nalo ni India. Mwaka 2015 na 2016 mbaazi zilikuwa haba huko, bei ikapanda, na wakulima wengi wakaongeza mashamba. Lakini wakulima wa India nao waliongeza mashamba yao, wakavuna kwa wingi, na bei ya kwao ikaanguka. Mwezi Agosti 2017 Serikali ya India iliweka mgawo: tani 200,000 tu za mbaazi kutoka nje kwa mwaka wa fedha. Nchi iliyokuwa na mapatano ya Serikali kwa Serikali haikuguswa na mgawo huo, na Msumbiji ilikuwa na mapatano ya namna hiyo tangu mwaka 2016. Tanzania haikuwa nayo.

Tangazo lilitoka mbaazi za Tanzania zikiwa tayari zimeiva au zimekwisha vunwa. Bei iliporomoka hadi ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya miaka miwili iliyotangulia, na wako waliouza kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kuvuna. Hakuna aliyewakosea wakulima hao hapa nchini, na mbaazi zao hazikuwa mbovu. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kumtegemea mnunuzi mmoja kwa zao moja. India ilifungua tena mlango wa mbaazi bila mgawo mwezi Mei 2021, karibu miaka minne baadaye. Wanachama waushike vizuri muda huo, maana mazungumzo haya yataurudia.

Kahawa ya mwaka 1989

Wazee wa Kasulu na Kibondo wanaolima kahawa wanayo kumbukumbu ya zamani zaidi. Tangu Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa ya mwaka 1962, nchi zinazouza na nchi zinazonunua zilikubaliana kugawana soko: kila nchi ya wakulima ilipewa kiasi chake cha kuuza, ili kahawa isimiminike sokoni yote kwa pamoja na kuangusha bei. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia mkono.

Ugomvi ulizuka katika miaka ya themanini. Wanunuzi, na hasa Marekani, walilalamika kwamba wauzaji waliwauzia wasio wanachama kahawa ile ile kwa bei ya chini, na kwamba mgawo wa Brazil ulikuwa mkubwa mno ilhali nchi za Amerika ya Kati zenye kahawa laini zilibanwa. Hawakuelewana. Mwezi Julai 1989 migawo ilisimamishwa. Kila nchi ikatoa kahawa iliyokuwa maghalani. Wastani wa bei duniani, uliokuwa karibu senti 116 za Dola kwa ratili mwaka 1988, ulifika karibu senti 72 mwaka 1990, na karibu senti 53 mwaka 1992. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Mkulima mwenye miche mia tatu ya kahawa hapa Kigoma hakuwa na neno katika ugomvi wa Brazil na Marekani, lakini aliulipia.

Mahindi ya mwaka 2021

Mfano wa tatu ni wa nyumbani zaidi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota katika nafaka isiyokauka. Malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa likawa masharti: waingizaji waandikishwe, shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi kiwango, na mahali mahindi yalikotoka pajulikane. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, na vikwazo vya biashara baina ya nchi hizi mbili vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa.

Makatibu wazingatie sana mfano huu. Marufuku yenyewe ilidumu siku chache tu. Masharti ndiyo yaliyobaki. Tena kiwango kilichodaiwa hakikubuniwa siku ile. Ni kiwango cha Afrika Mashariki, kinachosema mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 na sumukuvu yasizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Mahindi yaliyokusanywa katika nyumba arobaini, mengine makavu, mengine yaliyonyeshewa, yakamiminwa katika lori moja bila daftari, hayawezi kuthibitishwa na mtu yeyote. Gunia moja bichi laweza kuwafunga wote.

Haki inadai kusema pia kwamba milango haifungwi na wageni peke yao. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali ya Tanzania yenyewe ilizuia mahindi kwenda nje kwa kuhofia upungufu wa chakula. Sababu ilikuwa nzito, maana nchi yenye njaa haina biashara. Hata hivyo mkulima mwenye akiba aliona bei ikishuka, kama vile ambavyo angeiona kama ushuru ungewekwa ng'ambo.

Pale mnunuzi anaposhindwa kungoja

Sasa upande wa pili wa kanuni. Mwezi Aprili 2025 Marekani ilitoza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mwezi Agosti ushuru wa bidhaa nyingi za Brazil ulifikishwa asilimia 50, na kahawa ilikuwa ndani yake. Lakini Marekani hulima kahawa kidogo sana, huko Hawaii na Puerto Rico, ilhali watu wake huinywa kila asubuhi. Hawakuwa na kahawa ya nyumbani ya kuwatosha. Bei ya kahawa madukani kwao ilipanda, wananchi wakanung'unika, na mwezi Novemba 2025 Serikali ile ile iliiondoa kahawa katika ushuru huo, kwanza kwa nchi nyingine, na siku chache baadaye kwa Brazil pia.

Mwaka huo huo kulikuwa na ugomvi wa karibu. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwemo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Afrika Kusini ilikuwa imekataa ndizi za Tanzania kwa miaka kadhaa. Mwezi Aprili Tanzania nayo ilijibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili, na siku chache baadaye ililegeza zuio hilo baada ya njia ya mazungumzo kufunguliwa. Serikali iliweza kushindana kwa sababu Serikali inaweza kungoja. Mwenye lori la ndizi mpakani hakuweza. Ndizi haingoji waraka wa Waziri.

Mpaka ulio karibu na Mtendeli

Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na mwananchi wa nchi hii ya juu hahitaji kwenda London ili kujua maana ya mpaka kufungwa. Tarehe 31 Julai 1996 nchi za jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara baada ya mapinduzi ya mwezi ule, na vikwazo hivyo havikusimamishwa hadi Januari 1999. Katika muda huo njia halali ya kuuza upande wa pili ilibanwa. Hata soko la pale pale Mtendeli limepata kuja na kuondoka kwa maamuzi ya mbali: kambi ya wakimbizi iliyopokea Warundi tangu Januari 2016 ilifungwa mwaka 2021, na wenyeji waliozoea kuuzia huko ilibidi watafute wanunuzi wengine.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu mwaka 2009 imo katika Umoja wa Forodha. Maana yake kwa mwanachama ni kwamba mazao yaliyolimwa Tanzania hayapaswi kutozwa ushuru wa forodha yanapoingia Burundi, mradi uthibitisho wa yalikotoka uwepo. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 na uliomo katika orodha iliyokubaliwa. Wanachama wanaopitia Manyovu au Mabamba wakiulize. Anayepita vichochoroni usiku kwa kukwepa karatasi hujinyima haki yake mwenyewe, na huishia kumlipa mtu asiyetoa stakabadhi.

Yaliyo katika uwezo wa chama cha msingi

Chama cha msingi hakiwezi kufuta ushuru wa nchi yoyote. Kinaweza kumfanya mwanachama wake aweze kungoja. Hilo lina sehemu nne.

Kwanza, ukavu na hifadhi. Turubai za kuanikia, kipima unyevu kimoja cha chama, chaga za kuinua magunia kutoka sakafuni, na mifuko isiyopitisha hewa dhidi ya dumuzi na fukusi, ni gharama ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja. Asiye na hifadhi hana uhuru wa kukataa bei.

Pili, daftari. Kila gunia linapopokelewa yaandikwe jina la mwanachama, kijiji, tarehe, uzito na unyevu. Mnunuzi wa nje na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu huuliza maswali ambayo majibu yake yamo katika daftari hilo tu. Kwa kahawa jambo hili linazidi kuwa zito. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inadai kwamba kahawa inayoingia huko ijulikane shamba lake, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini chama kitakachokuwa na orodha ya mashamba ya wanachama wake hakitapatwa na fadhaa siku utakapoanza.

Tatu, wanunuzi zaidi ya mmoja na mazao zaidi ya moja. Somo la mbaazi linatosha.

Nne, fedha ya kungojea. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inaruhusu mazao yaliyo katika ghala lenye leseni kuwa dhamana ya mkopo, ili mkulima alipe ada ya shule bila kuuza kwa bei ya kutupa. Lakini ukweli wote usemwe: kungoja nako kuna gharama. Riba huongezeka, uzito hupungua, na bei yaweza isirudi. Aliyengoja mbaazi zake mwaka 2017 kwa kutumaini mlango wa India angengoja karibu miaka minne. Kwa hiyo Halmashauri ipange mapema, kabla ya mavuno, ni sehemu gani ya mazao itauzwa mara moja, sehemu gani itahifadhiwa, na mpaka mwezi gani.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Subira huvuta heri, lakini mwanachama hasubiri kwa mtu asiyemwamini. Wapo wanachama wanaokumbuka malipo ya pili yaliyochelewa, na mengine ambayo hayakuja kabisa. Mwanachama wa namna hiyo akiona lori la mchuuzi limesimama shambani na fedha taslimu, atauza, hata kama bei ni mbaya, na hapana haki ya kumlaumu. Siku mpaka utakapofungwa, chama chake kitakuwa na ghala tupu, na kila mmoja atasimama peke yake mbele ya mchuuzi.

Kwa hiyo, ndugu Makatibu, ulinzi wa mwanachama dhidi ya ugomvi wa mataifa huanzia mezani kwa katibu. Mizani isomwe mbele ya mwenye mzigo. Stakabadhi itolewe palepale. Makato yaelezwe moja moja, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, mahali ambapo hata asiye mjumbe atazisoma. Chama kikifanya hivyo kwa misimu miwili au mitatu, wanachama wataacha magunia yao ghalani bila hofu. Na mnunuzi atakayekuja kusema kwamba mpaka umefungwa na bei ni shilingi 1,000 atajibiwa kwa utulivu kwamba maharage ni makavu, vyeti vipo, na chama kinaweza kungoja hadi mwezi ujao.